Mgonjwa Aitwaye Fulani

Saa mbili na dakika arobaini asubuhi, nukta tatu zilikuwa zimelala sakafuni.

Sikuwa nazitafuta. Nilikuwa jikoni nasubiri maji yachemke, simu yangu imeegemea chupa ya chai, na kwenye simu kumefunguka ukurasa ambao mwananchi yeyote anaweza kuufungua: ubao wa kampuni ya magari ya wagonjwa. Kwenye ubao huo kila wito wa dharura wa saa ishirini na nne zilizopita ni nukta moja. Nukta ikikaa juu, gari lilichelewa kutoka. Ikikaa chini, liliwahi.

Zile tatu hazikuwa chini. Zilikuwa kwenye sifuri.

Kwa aliyenikosa wiki iliyopita: kazi yangu ni kuupima mfumo nikiwa mbali nao. Mfumo unaoita magari ya wagonjwa umo kwenye seva ambazo sijawahi kuzitia machoni. Mimi nakaa mezani kwangu nyumbani, na programu yangu ndogo inaupelekea mfumo wito wa uongo kila baada ya muda, kama mtu anayemwitia mgonjwa gari, kisha inapima jibu limechukua muda gani. Mgonjwa wangu wa uongo nilimpa jina la Fulani. Kila wito wake ulibeba namba maalumu, na mfumo ukiiona namba hiyo ulijua ni jaribio, haupeleki gari.

Kisha mkubwa wangu akafanya matengenezo, akaifuta orodha ya namba hizo bila kuuliza ni za nini. Gari likatoka na king'ora kumfuata Fulani kwenye kiwanja kitupu. Watu wakapiga picha, picha zikazunguka. Jumatatu laptopu yangu ikachukuliwa, nikasimamishwa kazi, na kila mtu akaambiwa kwamba mwangalizi wa mfumo, yaani mimi, alichezea laini ya dharura.

Hapo ndipo tulipoachana.

Leo ninayoisimulia ni siku ya kamati ya nidhamu. Saa nne kulikuwa na karatasi inanisubiri. Nikisaini kwamba kosa ni langu, naondoka kimyakimya na barua nzuri ya kuombea kazi kwingine. Nisiposaini, nakabidhiwa polisi, na katika fani yetu mtu akishapakwa tope la namna hiyo halitoki kwa sabuni.

Wasomaji wengine wameniandikia wakinishauri niombe radhi. Nimewasoma. Wananitakia mema, lakini hawajaniambia radhi ya nini.

Kutosaini nilikuwa nimeshaamua. Nilichokosa ni kitu cha kushika mkononi. Hasira si ushahidi.

Mume wangu aliingia jikoni akifunga vifungo vya shati la kazi. Ni fundi wa viyoyozi, na siku hizo alikuwa na kazi nyingi kuliko usingizi.

"Bado unawachungulia?"

"Siwachungulii. Ukurasa ni wa umma."

"Mke wangu, saini tuyamalize. Barua nzuri si haba."

"Barua nzuri ya mtu aliyekiri kosa ambalo si lake."

"Nani ataisoma hiyo karatasi yao? Itakaa kabatini mpaka iliwe na mende."

"Mimi nitakuwa nimeisoma."

Akanywa chai ya jana akiwa amesimama, akakunja uso, akamwaga iliyobaki.

"Basi jioni nikukute nyumbani, si rumande. Rumande sijui hata wanaruhusu chakula gani."

Akatoka. Hakusema kwa ubaya. Huwa anatania pale anapoogopa.

Nikarudi kwenye zile nukta.

Juu ya ubao kulikuwa na maandishi ya kijani: HALI SALAMA. MUDA WA WASTANI UMEPUNGUA. Maandishi hayo ni kazi ya mkubwa wangu. Hajawahi kutoa taarifa isiyoishia na neno hilo, ndiyo maana sisi wa chini tulimwita Bwana Salama. Seva ikizimika, hali ni salama. Umeme ukikatika, hali ni salama, tunafuatilia.

Wastani ulikuwa umeshuka kweli. Ulianza kushuka Jumatano. Mtu asiyejua kazi hii angefurahi. Mimi niliuliza swali moja: nani ameushusha? Magari hayakuongezwa. Madereva ni walewale. Barabara ni zilezile zenye mashimo yaleyale.

Na gari haliwezi kutoka kabla dereva hajawasha injini. Nukta haina ruhusa ya kukaa kwenye sifuri.

Mlango wa mbele ukalia. Alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu, tunayeishi naye. Yeye ni mpokeaji simu kwenye ukumbi wa dharura wa kampuni hiyohiyo, na alikuwa anarudi kutoka zamu iliyoanza jana jioni. Viatu ameshika mkononi, sare imekunjamana mgongoni kama shuka.

"Wifi, umekaa kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani."

"Kaa, wifi yangu. Nitakuuliza vitu, unijibu kama uko mahakamani."

"Mahakamani sijawahi kufika. Wewe ndiye unayeelekea huko."

"Kaa."

Akakaa. Akaweka miguu juu ya kiti cha pili, kiti cha mume wangu, jambo ambalo mume wangu angelisemea sana.

"Jana, muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni. Ulipokea wito?"

"Nilipokea na kutukanwa. Aliyepiga alikuwa mpita njia. Amemkuta mtu chini ya ngazi, fundi rangi, rangi nyeupe imemmwagikia mpaka masikioni, hana fahamu. Nikaandika, nikatuma. Palepale ikaja alama ya kijani: amehudumiwa. Nikasema, leo madereva wamekunywa nini?"

"Halafu?"

"Halafu yule bwana akapiga tena. Gari liko wapi? Nikamwambia, kwangu inasomeka limeshafika. Akanitukana mpaka bibi yangu."

"Bibi yako ni bibi wa mume wangu pia."

"Basi na nyie mmetukanwa, msijitoe."

"Mwisho wake?"

"Walimpakia kwenye pikapu ya mboga. Baada ya hapo sijui." Aliacha kucheka. "Nilitaka kuuliza asubuhi, nikaona nitaonekana natafuta makosa ya madereva. Kwani kuna nini?"

"Jina la mgonjwa uliandika nani?"

"Mpita njia atalijuaje jina la mtu aliyezimia?"

"Ndicho ninachouliza. Uliandika nini?"

"Tunachoandika siku zote," akasema. "Fulani."

Maji yalikuwa yanachemka muda mrefu. Nikazima jiko.

Nitaeleza polepole, kwa sababu kila kilichofuata siku ile kinasimama juu ya neno hilo moja. Sisi tulioandika programu tulisoma kwamba mtu wa mfano, mtu asiyekuwapo, anaitwa Fulani. Ukijaribu fomu, unamjaza Fulani, unamfuta, maisha yanaendelea. Kule ukumbini, wapokeaji simu wana Fulani wao. Huyo yupo. Amelala barabarani, anatoka damu, ila hajaweza kusema jina lake.

Gari lilipoaibika kwenye kiwanja kitupu, Bwana Salama alitakiwa kuirudisha orodha ya namba zangu. Mtu mwenye haraka angepita njia ya mkato: kila mgonjwa aitwaye Fulani ni jaribio, afungwe palepale, aandikwe amehudumiwa. Hapo aibu haitarudi. Na kila anayefungwa hivyo anaingia kwenye hesabu kama mgonjwa aliyefikiwa kwa sifuri, akiuvuta wastani chini.

Yaani kadiri mfumo ulivyowatupa watu, ndivyo ulivyoonekana una kasi.

Lakini hiyo ilikuwa dhana. Dhana hupimwa.

"Zipo nukta nyingine mbili," nikamwambia wifi, nikamwonyesha saa zake.

Akazitazama kwa jicho moja, kisha kwa yote mawili. "Huyu alikutwa kando ya mtaro, nilimpokea mimi. Fulani. Huyu mwingine alimpokea mwenzangu wa meza ya pembeni. Yule ni mvivu wa kuuliza majina. Kwake nusu ya mji ni Fulani."

"Wote watatu kijani?"

"Wote kijani." Miguu yake ilishuka kutoka kwenye kiti. "Wifi, unataka kuniambia nini?"

"Kwamba gari halikutoka."

Hakulia wala hakupiga kelele. Alichukua simu yake, akaiweka mezani, akampigia mkuu wa zamu ya asubuhi kwa sauti ya wazi.

"Mkuu, waambie wote wasiandike Fulani. Waandike mwanamume, mwanamke, mwenye shati jekundu, chochote. Fulani anafungwa na mfumo."

"Nani kasema?"

"Wifi yangu."

"Yule aliyesimamishwa?"

"Nina wifi mmoja tu, mkuu."

"Ngoja nimwulize mkubwa."

"Usimwulize. Waambie kwanza, umwulize baadaye."

Mkuu alikuwa ameshakata.

Hatukungoja sana. Ujumbe ulifika kwenye simu za wapokeaji wote, na wifi akanisomea bila kupandisha wala kushusha sauti: "Asiyejulikana aendelee kuandikwa Fulani kama mwongozo unavyosema. Atakayebuni jina lingine atahesabiwa ameghushi taarifa ya dharura na atafukuzwa. Hali ni salama."

"Amejibu haraka," wifi akasema.

"Kuliko gari."

Akaanza kuvaa viatu.

"Unakwenda wapi? Hujalala."

"Narudi ukumbini. Mwenzangu wa asubuhi hajawahi kukataa mtu wa kumshikia kiti akanywe chai. Wewe nenda kwenye kamati yako."

"Utalala saa ngapi?"

"Wakishakufunga. Nyumba itakuwa na utulivu."

*

Chumba cha mikutano kiko ghorofa ya tatu. Meza ndefu, viti kumi na viwili, watu watatu. Kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo ya rangi iliyooshwa nusu. Mume wangu angekitengeneza kwa dakika chache, lakini hakuna aliyewahi kumwita.

Katikati alikaa Mwenyekiti wa kamati, mama mtu mzima, mkunga mkuu aliyestaafu, miwani yake imening'inia kifuani kwa mnyororo. Kulia kwake mwanasheria wa kampuni, kijana mwenye kalamu mbili. Kushoto, Bwana Salama, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola.

"Karibu, dada," Bwana Salama akasema. "Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Vizuri. Utatumia kalamu yako, au nikuazime?"

"Kalamu ninayo. Sahihi ndiyo sina."

Mwanasheria alitabasamu kama mtu aliyeambiwa mvua itanyesha. Mwenyekiti hakutabasamu.

"Binti," akasema, "sikukuita hapa tupigane vijembe. Una la kusema, liseme kwa ufupi. Huna, tuendelee."

"Ninalo, Mama Mwenyekiti. Naomba ubao wa kampuni ufunguliwe ukutani."

"Ubao?" Bwana Salama akadakia. "Ufunguliwe tu. Tangu yeye asimamishwe, mfumo haujawahi kuwa na kasi hii. Namba zinajieleza zenyewe."

"Ni kweli zinajieleza," nikasema. "Jana kuna wagonjwa watatu ambao gari limewafikia kabla aliyepiga hajaweka simu chini."

Mwenyekiti alivaa miwani. Aliutazama ukuta muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Mimi nimesubiri magari ya wagonjwa karibu maisha yangu yote," akasema. "Gari la namna hiyo sijakutana nalo. Ni nini hizo?"

"Ni kasi ya mfumo, Mama," Bwana Salama akasema.

"Nimemwuliza binti."

Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Fulani wetu, Fulani wao. Sikuongeza chumvi. Nilipofika kwa fundi rangi, mwanasheria aliacha kuandika.

"Una ushahidi kwamba gari halikwenda?" akaniuliza.

"Sina. Uani kwenye magari kuna watu wenye ushahidi. Waulizeni."

Mwenyekiti aliivuta simu ya mezani, akabonyeza sauti ya wazi, akapiga ukumbini. Sauti iliyopokea niliijua. Haikuonyesha kunijua.

"Ukumbi wa dharura, nikusaidie nini?"

"Mwenyekiti wa kamati hapa. Niunganishe na mkuu wa madereva, na wewe usikate, ubaki hapohapo."

"Sawa, Mama. Mko wote kwenye laini."

Mkuu wa madereva alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kusemea juu ya injini. Mwenyekiti akamwuliza kama jana jioni waliitwa kumfuata fundi rangi aliyeanguka kwenye ngazi.

"Hapana, Mama. Fundi rangi hatukuletewa."

"Una uhakika?"

"Nilikuwa nimekaa mbele ya skrini mwenyewe. Tena kuna mtu alikuja kwa miguu mpaka langoni akisema kuna majeruhi mtaa wa nyuma. Nilimwambia, bwana, bila namba ya safari lango halifunguki. Mfumo ndio unaotoa namba. Hata ningetaka kulisukuma kwa mabega, halisukumiki. Waliliweka hivyo ili tusichukue abiria wetu binafsi."

"Kwa hiyo mlimwacha?"

"Kwa hiyo lango lilituacha, Mama."

Ndoo iliendelea kupokea matone yake.

Nilimtazama Bwana Salama nikitegemea akane. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukana. Nimeishi na taarifa zake miaka kadhaa, najua kila mlango anaotokea.

Hakukana.

"Mama Mwenyekiti," akasema, kwa upole wa mtu anayepokea rambirambi, "sheria ya kumfunga Fulani ipo. Nami nimeigundua asubuhi hii, baada ya mkuu wa zamu kuniuliza. Nilipoigundua nikatazama ni nani aliyeiingiza."

Akageuza laptopu yake kuelekea kwa Mwenyekiti. Nilisimama nikasogea. Hakuna aliyenizuia.

Kila badiliko kwenye mfumo huacha alama: saa, siku, na jina la aliyelifanya. Badiliko lile lilifanywa Jumatano. Na jina lililokuwa mbele yake lilikuwa langu.

Nilisoma mara mbili. Lilikuwa langu, limeandikwa bila kukosewa herufi.

"Laptopu yangu ilichukuliwa Jumatatu," nikasema. "Nywila yangu mliniamuru niiandike kwenye karatasi, nikakukabidhi wewe mkononi."

"Karatasi hiyo iko kwenye kabati la chuma. Haijaguswa."

"Nani mwenye ufunguo?"

"Dada yangu." Aliniita hivyo, dada yangu. "Kuingia kwenye mfumo hakuhitaji laptopu ile. Hata aliye mbali anaingia. Kwani kazi yako si hiyo?"

Jibu nilikuwa nalo. Ushahidi wa kuligongea meza sikuwa nao, na mimi sisemi kwa kamati kitu ambacho nisingekikubali kutoka kwa programu.

Mwanasheria aliivuta ile karatasi kutoka mbele yangu. Aliivuta kwa kidole kimoja.

"Hii sasa haifai," akasema. "Ilikuwa ya kuchezea laini. Kama kuna watu wameumia, hilo ni shauri jingine. Barua nzuri haipo tena mezani."

Nakiri kwamba hapo nilikaa kwenye kiti bila kukusudia kukaa. Nilikuja kuthibitisha kosa, nikalithibitisha, na kosa limekutwa na jina langu.

"Binti," Mwenyekiti akasema. "Una la kusema?"

"Ninayo mawili. La kwanza, sikufanya, na sitasaini karatasi hii wala hiyo mtakayoiandika. La pili ni la haraka zaidi. Iondoeni sheria ile sasa hivi. Mimi mtanishughulikia baadaye, siendi popote."

"Haiwezekani," Bwana Salama akasema.

"Ni kufuta mstari mmoja."

"Ni kufuta ushahidi. Mwanasheria atasema."

Mwanasheria aliinamia kalamu zake. "Kitaalamu ana hoja. Mfumo usiguswe mpaka wachunguzi waunakili. Ukiguswa, kesi inaharibika."

"Na mpaka hapo, Fulani?"

"Mpaka hapo mwongozo unabaki ulivyo."

"Mmemsikia mkuu wa madereva?"

"Tumemsikia. Na wewe nakushauri ukae kimya, kila unachosema kinaandikwa."

"Andika vizuri. Mwandiko wako unalala."

Mwenyekiti alinyanyua mkono tunyamaze. Alikuwa anafikiri, na nadhani alikuwa anafikiri kwa haki. Ila alikuwa anafikiri polepole, kama mtu aliyezoea kupewa muda.

Simu ya mezani ikazungumza. Tulikuwa tumeisahau.

"Samahani, Mama Mwenyekiti. Ukumbi hapa." Ilikuwa sauti ya wifi yangu, sauti ya kazini, kavu, imenyooka. "Nimepokea wito. Mwanamume, ameporomoka kwenye ngazi za soko, anapumua kwa shida, haongei. Waliomzunguka hawamjui. Niandike nini?"

Bwana Salama aliinamia simu. "Andika kwa mujibu wa mwongozo."

"Mwongozo unasema Fulani, mkubwa."

"Basi."

"Nikimwandika Fulani atafungwa, mkubwa. Nimeelewa hivyo kwenye laini hii."

"Mtaje kwa jina la kubuni uone," Bwana Salama akasema.

Mwanasheria akainua kichwa. "Naweka wazi mbele ya kamati: jina la kubuni ni kughushi. Mpokeaji atawajibika yeye binafsi."

"Nimesikia," wifi akasema. "Mgonjwa bado anapumua. Niandike nini?"

Mwenyekiti alivua miwani. Alifungua mdomo, akamtazama mwanasheria.

Sikumsubiri.

"Andika langu," nikasema.

Bwana Salama aligeuka kama aliyeguswa shingoni.

"Jina la mgonjwa?" wifi akauliza, kana kwamba hajawahi kula na mimi sahani moja.

"Jina langu. Si la kubuni. Lina kitambulisho cha taifa, na lina mtu."

"Ukifanya hivyo," mwanasheria akasema, "unatoa taarifa ya uongo kwenye laini ya dharura, mbele ya mashahidi watatu. Ndilo shtaka lilelile uliloitiwa hapa. Safari hii hatutahitaji kulithibitisha."

"Mashahidi watano. Wawili wako kwenye simu. Andika na hilo."

Nikayataja majina yangu yote matatu, herufi kwa herufi, polepole, kama yanavyosomeka kwenye cheti. Tulisikia vidole vya wifi kwenye kibodi. Kila herufi niliyoitaja ilifuatiwa na mlio wake. Nilipomaliza, akabonyeza mara moja zaidi, kwa nguvu.

"Imekwenda," akasema. "Haijaja kijani. Ni ya njano. Inasubiri gari."

Upande wa pili wa laini kengele ya uani ililia.

"Namba ya safari imefika," mkuu wa madereva akasema. "Ngazi za soko. Hapa mgonjwa ana jina la kike. Umesema mwanamume?"

"Mwanamume."

"Jina la kike, mgonjwa mwanamume."

"Litume tu, mkuu."

"Nalituma, nalituma. Nimeona mengi."

Bwana Salama alikuwa amesimama. Mwanasheria alikuwa ameshatoa simu yake mfukoni, na nilimsikia akiomba kuunganishwa na mkuu wa kituo cha polisi, akitaja ghorofa yetu na chumba chetu. Kisha akasema jina langu. Hakuhitaji kuniuliza linaandikwaje, alikuwa ametoka kulisikia.

Mwenyekiti hakumzuia. Alisogeza simu ya mezani karibu yangu, akaacha mkono wake juu yake.

Kwenye simu hiyo tulisikia injini, halafu chuma cha lango kikikwaruza chuma.

"Limetoka," mkuu wa madereva akasema.